Una pumu na unataka kunywa pombe? Pitia hatua hizi kabla hujafungua chupa ya kwanza

Maswali ni yale yale kila wiki na Ijumaa jioni ndo yanazidi. Nina pumu, bia moja ina shida? Mbona waini inanibana ila bia hainibani? Nimepewa vidonge vya siku tano, naweza kuruka leo nikanywa alafu niendelee kesho? Nafanya kazi duka la dawa na kila anayeuliza namjibu kwa haraka haraka kwa sababu nyuma yake kuna foleni, kwahiyo leo naandika yote sehemu moja, soma taratibu.

Jibu fupi ni hili. Hamna sheria ya jumla kwamba mwenye pumu asinywe kabisa, ila kuna wenye pumu ambao pombe inawabana na sio wachache. Kule Australia Magharibi watu wazima wenye pumu zaidi ya 300 waliulizwa, matokeo yakachapishwa mwaka 2000, kama theluthi moja walisema pombe imewahi kuwaamshia pumu, waini ndo iliongoza na mara nyingi kubanwa kulianza ndani ya saa moja. Hiyo saa moja ikumbuke, tutaitumia mbele. Na kama hunywi basi usianze kwa sababu ya kusoma hapa, WHO, yani Shirika la Afya Duniani, walishasema wazi Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe ambacho ni salama kwa afya.

Mwongozo huu hauwahusu walio chini ya miaka 18, wajawazito, na yeyote aliyewahi kulazwa ICU, yani chumba cha wagonjwa mahututi, kwa pumu au aliyewahi kuvimba midomo baada ya kunywa. Nyie ongeeni na daktari kwanza, msijijaribu wenyewe nyumbani.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Inhela ya haraka, yani ile ya salbutamol ambayo wengi tunaiita Ventolin. Iwe haijaisha muda na iwe na dawa ndani. Nyingi zinabeba pumzi 200, yani unaibonyeza mara 200, kwahiyo andika kwa kalamu tarehe uliyoifungua. Usiipime kwa kuielesha kwenye maji, hicho kipimo hakiaminiki na kinaweza kuziba tundu.
- Inhela ya kila siku ya kuzuia, kama umeandikiwa. Soma jina kwenye kopo, usitegemee rangi, maana kampuni zinatofautiana.
- Supesa, yani ile chupa ya plastiki unayochomeka inhela upande mmoja na kuvuta dawa upande wa pili. Kama huna hela ya kununua, chukua chupa ya plastiki ya nusu lita, ioshe, toboa kitako tundu linalobana mdomo wa inhela sawasawa, ziba pembeni kwa gundi au plasta pasivuje hewa, mdomo wa chupa ndo unaweka kinywani. Sio ubabaishaji huu, madaktari wa Afrika Kusini waliipima chupa ya namna hii kwa watoto waliobanwa na mwaka 1999 wakaonyesha inafanya kazi sawa na ya dukani, mradi imezibwa vizuri. Ioshe kwa maji ya sabuni na uiache ikauke yenyewe bila kuifuta, ukiifuta dawa inaganda ukutani badala ya kufika kifuani.
- Orodha ya dawa zako zote, hata za presha na za mafua.
- Simu au daftari la kuandika ulichokunywa na kilichotokea.
- Mtu mmoja utakayekuwa naye ambaye hanywi au atakunywa kidogo sana, anayejua una pumu na anajua inhela iko mfuko gani.

Huyo mtu usimruke. Pombe ina tabia ya kuficha pumu ikianza kubana, wewe mwenyewe unapoteza umakini na unasema ntavuta baadae, na wenzako wakikuona umeinama kimya pembeni wanasema kalewa huyo muacheni alale. Watu wenye dawa mfukoni wanafikishwa hospitali wamechelewa kwa sababu hiyo tu.

Hatua ya 1: Pima pumu yako iko vipi sasa hivi

Jiulize maswali manne kuhusu wiki nne zilizopita. Umebanwa mchana zaidi ya mara mbili kwa wiki? Umeamka usiku hata mara moja kwa sababu ya kifua? Umevuta inhela ya haraka zaidi ya mara mbili kwa wiki? Kuna shughuli umeshindwa kufanya kwa sababu ya pumu?

Yote manne ni hapana, endelea hatua ya 2. Ukipata ndio hata moja basi pumu yako haijatulia, ahirisha kunywa na uende kliniki warekebishe dawa. Ahirisha pia kama una mafua, umetoka kubanwa wiki hii, au kifua kinapiga filimbi leo. Najua kuna harusi, najua umechangia kadi, lakini bia itakuwepo wiki ijayo.

Kosa la kawaida hapa ni mtu kuvuta Ventolin kwanza "ili niwe fresh" alafu ndo aende kunywa. Kama unaihitaji kabla hujatoka nyumbani maana yake jibu umeshalipata.

Hatua ya 2: Angalia dawa zako, moja baada ya nyingine

Inhela za kuvuta hazigombani na pombe kwa kiwango cha kawaida. Usiache kuvuta ya kila siku eti kwa sababu leo unakunywa, hilo ni kosa kubwa kuliko bia yenyewe. Kitu cha kujua tu ni kwamba salbutamol inaweza kufanya moyo uende mbio na mikono itetemeke, na pombe nayo inaufanya moyo ukimbie, kwahiyo vikikutana usishangae. Usiogope kuivuta kwa sababu hiyo, ukibanwa vuta.

Aminophylline na theophylline, vile vidonge vya siku nyingi ambavyo bado watu wengi wanavitumia kwa sababu ni rahisi, hapo kuwa makini kweli kweli. Dawa hizi kati ya kiwango kinachotibu na kinachodhuru hakuna nafasi kubwa, na ukinywa pombe nyingi kwa mkupuo mwili unachelewa kuitoa, hata siku nzima. Unaanza kutapika, moyo unadunda, usingizi hamna, alafu wewe unasema ni hangova. Ukiwa kwenye hizi dawa usinywe mpaka uongee na aliyekuandikia.

Prednisolone, ndo mara nyingi vile vidonge vya siku tano: ukipewa maana yake pumu ilikushika vibaya juzi tu, kwahiyo hata bila kuangalia dawa wewe sio wa kunywa wiki hii. Pia prednisolone na pombe vyote vinachokoza tumbo, mwenye vidonda vya tumbo anaweza kutapika damu. Maliza dozi kwanza. Na usiruke hata siku moja ili upate nafasi ya kunywa, hilo swali naulizwa sana na jibu ni hapana.

Piriton na dawa za mafua au kikohozi zinazoleta usingizi zinaongezana na pombe, unalala usingizi mzito wa hatari. Mwenye pumu anatakiwa aweze kuamka kifua kikibana usiku.

Hatua ya 3: Jua ndani ya kinywaji kuna nini

Hapa ndo penye kazi, maana watu wengi sio kilevi chenyewe kinachowabana, ni vitu vingine vilivyomo humo.

Waini ndo inalalamikiwa kuliko vyote. Inawekwa salfaiti, ni kemikali ya kuizuia isiharibike, na ile gesi yake ikifika kooni inachokoza njia za hewa kwa baadhi ya wenye pumu. Nyeupe na zile tamu kwa kawaida zinabeba zaidi kuliko nyekundu kavu. Soma lebo utafute neno lenye "sulphite" au namba kuanzia E220 mpaka E228. Waini za Ulaya tangu mwisho wa 2005 lazima ziandikwe kama salfaiti imezidi miligramu 10 kwa lita. Chupa iliyoandikwa haijaongezwa salfaiti bado inaweza kuwa nayo kidogo, maana hamira yenyewe inaitengeneza wakati wa kuchachua. Ukijigundua salfaiti inakubana basi angalia na juisi nzito za kuchanganya na maji, saida, na matunda makavu kama aprikoti na zabibu za rangi ya dhahabu, mara nyingi zinawekewa kitu hicho hicho. Hapo ndo unaelewa kwa nini mtu anasema "hata nikichanganya na juisi nabanwa".

Waini nyekundu ina histamini nyingi kuliko nyeupe, hiyo ni kemikali inayoleta dalili kama za aleji. Dalili zake ni pua kuziba, uso kuwaka joto, kichwa kugonga, na kwa mwenye pumu kifua kukaza. Bia nayo inayo ila inatofautiana sana kutegemea na inavyotengenezwa.

Bia ina shayiri au ngano pamoja na hamira. Mwenye aleji ya nafaka hizo anaweza kubanwa na bia zenye nafaka hizo. Kuna njia rahisi ya kujua: siku nyingine kunywa bia isiyo na kilevi. Ikikubana vile vile, basi tatizo lako ni kitu kilichomo kwenye bia na sio kilevi.

Pombe za kienyeji sizikatai ila hazina lebo, na kila mpishi ana mkono wake. Mbege ni ndizi na ulezi na magome ya msesewe, komoni ni mahindi, busaa ni mahindi na wimbi, ulanzi ni utomvu wa mwanzi, mnazi unagemwa na kuendelea kuchacha saa kwa saa, asubuhi ni mtamu, jioni ni mkali na mchachu. Leo imekupita vizuri, kesho pishi lingine likakubana. Ukitaka kujaribu uliza imetengenezwa na nini, na ukijua una aleji ya kitu kimoja hapo basi iache.

Pombe kali nyeupe, jini na vodka, zina histamini na salfaiti kidogo sana. Watu wakisikia hivyo wanadhani ndo salama. Sio salama, kilevi ni kingi, unalewa haraka, na unachochanganyia ndo kinaweza kukubana. Gongo na chang'aa usiguse, hujui ndani kuna methanoli kiasi gani, na methanoli inapofusha na kuua mwenye pumu na asiye na pumu.

Kundi moja lijiangalie mno: wale ambao aspirini, ibuprofen au diclofenac inawabana, na mara nyingi pua zao zimeziba muda wote na wana vinyama puani. Kwenye kundi hili walio wengi pombe ya aina yoyote inawachokoza, bia, waini, kali, zote. Kama ni wewe, hatua ya 4 usiifanye.

Hatua ya 4: Jaribu kidogo, kitu kimoja, na usubiri saa moja

1. Chagua siku ambayo umeshiba, umepumzika na kifua kiko safi.
2. Kaa nyumbani au sehemu isiyo na moshi, mtu wako awe karibu, inhela mezani sio ndani ya begi.
3. Kunywa nusu glasi ya kinywaji kimoja. Kimoja. Usichanganye, na usile karanga, korosho wala kamba siku hiyo kama hujawahi kuvila salama, hutajua kipi kimekubana.
4. Weka alamu ya saa moja. Angalia pua, koo, kikohozi kikavu, kifua kukaza, uso kuwaka, mwili kuwasha.
5. Ukiona kifua kinabadilika hata kidogo, acha, vuta inhela, andika jina la kinywaji na muda. Hicho hukigusi tena.
6. Hamna kitu? Andika pia. Siku nyingine unaweza kujaribu kingine.

Kama una kifaa cha kupimia nguvu ya kupuliza, puliza mara tatu kabla na mara tatu baada ya hiyo saa, chukua namba kubwa ya kila upande, ikishuka chini ya asilimia 80 ya namba yako bora ya siku zote, hicho kinywaji hakikufai.

Hatua ya 5: Chagua sehemu ya kunywea

Mara nyingi mtu analaumu bia kumbe ni baa. Moshi wa sigara, moshi wa nyama choma unaokupulizia usoni, shisha, pafyumu za watu, vumbi la parking, baridi ya usiku kama uko Njombe au Arusha, kucheka na kucheza muziki mpaka unahema, vyote hivyo vinaamsha pumu hata kwa aliyekunywa soda tu. Kaa upande ambao upepo unapeleka moshi mbali na wewe, mbali na jiko. Na usidanganywe kwamba shisha ni mvuke, ule ni moshi wa mkaa na tumbaku, ndo maana Uganda, Tanzania, Kenya na Rwanda ziliipiga marufuku.

Hatua ya 6: Kikomo, chakula na muda wa kulala

Bia moja ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina karibu gramu 20 za kilevi tupu, yani sawa na vipimo viwili vya WHO. Kwahiyo ukisema "nimekunywa mbili tu" hesabu yako ni nne. Amua kikomo kabla hujakaa, mwambie yule mtu wako namba, kunywa maji katikati.

Kula mapema sio saa sita usiku. Pombe inalegeza mlango wa juu wa tumbo, tindikali inapanda, ukilala tu inafika kooni na kifua kinabana saa nane usiku. Acha kunywa na kula masaa matatu kabla ya kulala, lala kichwa kikiwa juu, weka inhela na simu pale mkono unapofika gizani. Na inhela ya kila siku ivute kabla hujatoka nyumbani, usijiambie utavuta ukirudi.

Hatua ya 7: Asubuhi yake

Kichwa kinauma unakimbilia dukani unasema nipe ya kichwa. Hapo taja kwamba una pumu! Dawa nyingi za maumivu ndani yake kuna aspirini, ibuprofen au diclofenac, na zinaweza kumbana mwenye pumu kuliko pombe ya jana. Paracetamol kwa kawaida ndo salama zaidi kwa pumu, ila usizidishe kipimo kwa sababu ini limetoka kufanya kazi usiku kucha, na kama wewe ni mnywaji wa kila siku muulize mfamasia kwanza.

Ikitokea umebanwa hapo hapo mezani

1. Acha kunywa, kaa wima, usilale, legeza mkanda na vifungo, toka kwenye moshi.
2. Vuta inhela ya haraka kwa supesa, pumzi moja, vuta hewa taratibu mara nne au tano kupitia chupa, alafu nyingine. Kila nusu dakika mpaka dakika moja, hadi pumzi 10.
3. Hamna nafuu, au nafuu imekuja ikaondoka, nenda hospitali. Usisubiri gari la wagonjwa kama kuna bajaji au gari la rafiki. Bodaboda hapana, mtu aliyelewa na amebanwa anaanguka. Baada ya dakika 10 rudia zile pumzi 10 njiani.
4. Wanaokupeleka wakifika mapokezi waseme yote: umekunywa nini, kiasi gani, dawa gani.

Nenda moja kwa moja bila kuhesabu dakika kama aliyebanwa hawezi kumaliza sentensi, mbavu zinazama ndani akivuta hewa, ndani ya midomo au kucha pamekuwa bluu au kijivu, anachanganyikiwa, au kifua kilichokuwa kinapiga filimbi kimenyamaza ghafla huku bado anahangaika. Huko kunyamaza sio kupona. Kama amevimba midomo, ana vipele na anatapika, hiyo ni aleji kali, mkimbizeni.

Wenzake mnaosoma hapa: msimpe maziwa, kahawa wala maji ya barafu mkidhani mnasaidia. Na aliyekunywa mwenye pumu akilala, mwangalieni anavyopumua, mwamsheni aongee. Asipoongea vizuri msimwache.

Matatizo yanayojirudia

*Nabanwa na kila kinywaji.* Rudi hatua ya 1 na uangalie swali la aspirini kwenye hatua ya 3. Kama pumu imetulia na bado unabanwa na kila kitu, pombe sio yako, na kliniki waambie maana inaweza kubadilisha matibabu.

*Sibanwi nikinywa, nabanwa usiku wa manane.* Mara nyingi ni tindikali. Fuata masaa matatu ya hatua ya 6, punguza pilipili na mafuta. Ikiendelea, tibu kiungulia chenyewe.

*Pombe kali inanifungua kifua.* Unaweza kuwa umehisi hivyo kweli, London mwaka 1863 daktari Hyde Salter aliandika kuhusu wagonjwa wa pumu waliopata nafuu kwa pombe kali ya moto, na kilevi kinaweza kulegeza njia za hewa kidogo. Ila ilikuwa kabla ya inhela hizi za leo kuwepo. Leo una salbutamol inayofanya kazi ndani ya dakika chache bila kukulewesha, na kila dakika unayosubiri pombe ikufungue uvimbe ndani ya kifua unaendelea.

*Naona aibu kuvuta inhela mbele za watu, na nasikia ukizoea huachi.* Inhela haina uteja. Ukiona unaihitaji kila mara maana yake pumu haijadhibitiwa na unatakiwa uwe na ile ya kuzuia. Vuta hapo hapo mezani, ukienda kujificha chooni ukazidiwa hakuna atakayekuona.

*Nilikuwa sibanwi, sasa hivi bia ile ile inanibana.* Angalia kama umebadilisha dawa, umeacha inhela ya kuzuia, umehamia sehemu yenye vumbi, au umeanza dawa za presha za kundi la propranolol na atenolol, hizo zinaweza kubana kifua cha mwenye pumu. Usiziache ghafla mwenyewe, rudi kwa aliyekuandikia na umwambie una pumu, wiki hii hii.